Siku Mama Bazilio Alipojibu Kweli

Pale kijijini Kitanga hakuna aliyewahi kumsikia Loyce, mama yake Bazilio, akilalamika. Mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya paa la jiko lake, majirani walikimbia kumpa pole, wakamkuta anakoroga maharage mbingu zikimtazama. Akawaambia moshi sasa unatoka vizuri. Kwake yeye, kumweleza mgeni shida zako ni sawa na kumfungulia mlango hujavaa.

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Bazilio ana miaka thelathini na mitatu. Hatembei, hasemi, hashiki kijiko, na kifafa humshika bila taarifa. Mwili ni wa mwanaume mzima, mrefu kuliko marehemu baba yake. Kwa miaka minne serikali imekuwa ikimlipa Leonidasi, mtu wa makamo aliyewahi kuuza mbuzi mnadani, aje kila siku kusaidia kumwinua, kumwogesha na kumlisha. Kabla ya hapo Loyce alimwinua peke yake, na mgongo wake haujasahau.

Basi akaja Raymond, afisa ustawi wa jamii kutoka Kasulu, kijana wa mkoa mwingine, kuhakiki kama huduma bado inahitajika. Loyce alijiandaa siku mbili kama anapokea askofu. Bazilio alivalishwa suti, akaegemezwa kwenye mito mitatu iliyofichwa chini ya kitambaa cha kudarizi. Leonidasi akatumwa sokoni, asije akaonekana anahangaika mbele ya mgeni.

"Mgonjwa anaendeleaje, mama?"

"Hajambo kabisa, mwanangu."

"Anakula?"

"Vizuri sana!"

"Hakusumbui?"

"Huyu? Hata kidogo!"

Raymond, maskini, akaandika alichoambiwa. Baada ya wiki tatu ikaja barua: kwa kuwa hali ya mhusika imetengemaa, huduma ya msaidizi itakoma mwisho wa mwezi.

"Umemponya mwenyewe kwa mdomo wako," alisema Mwatumu, jirani yake, ambaye yeye hulalamika kwa niaba ya mtaa mzima. Akamlazimisha kupiga simu kuomba uhakiki upya, kisha akamfanyisha mazoezi ya kujibu.

"Mimi ndiye Raymond. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mbay..." Loyce akajiziba mdomo. "Mana yanje, Mungu wangu, Mwatumu! Unataka nimtukane mtoto wangu?"

Raymond alirudi saa sita mchana. Salamu zikapita salama. "Na mgonjwa je?"

"Hajambo," mdomo ukajibu wenyewe. Mwatumu, aliyekuwa pembeni anapepeta maharage, akaangusha ungo.

Lakini kwa Loyce mgeni haondoki bila kula, na hakuna anayekula kabla ya Bazilio. Kuku alishaiva, ananukia nyumba nzima. Leonidasi, ambaye safari hii hakutumwa sokoni, akashika shingo ya Bazilio, Loyce akaanza na uji. Kijiko cha kwanza kilichukua dakika tano. Cha pili kikarudi. Cha tatu kikampalia, Leonidasi akamwinamisha upesi na kumpigapiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Raymond akatazama saa, akatazama sufuria ya kuku, akatazama saa tena. Saa nzima ikapita na bakuli halijafika nusu.

Leonidasi akatoka kwenda chooni. "Nishikie shingo kidogo, mwanangu," Loyce akasema.

Raymond akashika. Bazilio akamwegemea kwa uzito wake wote, akamtemea uji kwenye shati la ofisini. Jasho likamtoka.

"Mama," alisema akihema, "Leonidasi akiondoka, atashika nani hapa?"

Loyce alikirudisha kijiko bakulini.

"Hakuna," akasema. "Siwezi, mwanangu. Nimechoka. Naogopa nitamuua kwa kijiko cha uji." Akalia mbele ya mgeni, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mumewe.

Raymond aliyakata maandishi yake ya mwanzo, akajaza ukurasa mzima upya. Mwezi haujaisha, barua nyingine ikaja: Leonidasi anabaki.

Ila siku ile ile ya uhakiki, Raymond alipokwisha kula kuku aliyepoa na kuwasha pikipiki, Loyce alimkimbilia mpaka barabarani, macho bado mekundu.

"Wasalimie ofisini!" akapaza sauti. "Waambie hatujambo kabisa!"

Raymond akazima pikipiki.

"Salamu nitafikisha, mama," akasema. "Hilo lingine sitawaambia."