Gari la Salim Lilivyonifikisha kwa Mama Mkwe

Kama mmeiona ile video, chekeni kabisa mmalize ndipo nianze, maana leo nataka mkasa huu usimuliwe na mwenyewe, si na wale jamaa wa stendi ya Garsen ambao wameongeza hadi fahali ambaye hakuwepo. Ndiyo, yule mtu anayekimbiza ndama akiwa na kofia ngumu ya pikipiki kichwani ni mimi, Barisa. Na lile gari jekundu lililochomeka kwenye miiba nilikuwa naliendesha mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Nimekubali yote, sasa tuendelee.

Kwanza mjue nilikuwa katika hali gani. Wazee wetu walikuwa wamekwenda kwa kina Hawa kuniposea, wakapokewa vizuri, wakanywa maziwa, wakaambiwa jibu watalipata Ijumaa baada ya swala. Baba yake Hawa alikuwa radhi, mjomba wake alikuwa radhi, aliyebaki ni mama. Mama Hawa hakuwa na neno nami isipokuwa moja tu, kwamba mimi ni dereva, na kwa maoni yake dereva ni mtu aliyechoka kuishi anayetafuta wa kufuatana naye. Hawa alinipigia simu akanisihi nitulie siku hizo chache, nisionekane nikienda mbio hata kwa baiskeli, nami nikamwahidi (na nilimaanisha, wallahi).

Na kwa wale ambao si Waorma, niwaeleze jambo moja. Kwetu kijana akishaposa, yeye na mama wa msichana hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani mmoja anapinda pembeni, mama anajifunika shela, nawe unatazama kwingine kama unayetafuta ng'ombe aliyepotea. Si ugomvi, ni heshima, na anayeivunja atatajwa vikaoni mpaka wajukuu zake waone haya.

Sasa aje Salim. Salim ni rafiki yangu wa Malindi, tulisoma pamoja, anauza vipuri, na amejinunulia gari la spoti la milango miwili, lililokaa chini sana, ukiingia unajihisi umeketi kwenye mkeka. Yeye na wenzake wenye magari ya namna hiyo wana mtindo wa kutafuta mahali pasipo watu, wapange kona zao, wazunguke mmoja mmoja wakipimana kwa saa. Safari hii walikuwa wameomba ruhusa wautumie ule uwanja wa ndege wa zamani nje ya mji wetu, wakapanga matairi yaliyopakwa chokaa, na Salim akanipigia akisema njoo uone. Nikajiambia kuona si kuendesha. Mpaka hapo ahadi yangu ilikuwa nzima.

Nilipofika nilikuta nusu ya Garsen iko pale, na akina mama wameshatandika biashara ya chai na maziwa, kwa sababu kwetu watu kumi wakisimama mahali pamoja, chai inafika kabla hawajajua wamesimamia nini. Mmoja wa wageni akauliza kwa dharau kidogo kama huku kuna mtu anayejua kuendesha. Salim, kwa mapenzi yake, akanivuta mkono akasema huyu hapa anaendesha pikapu ya mradi wa maji, anapita kwenye udongo mweusi wakati wa mvua mahali ambapo nyinyi mngeacha magari mkarudi kwa miguu. Wakaanza kuniangalia kwa heshima. Kichwa changu kikavimba, na kwa bahati mbaya kofia ngumu waliyonipa ikatosha vilevile.

Siwezi kumsingizia Salim, alinifundisha vizuri. Alikaa kando yangu akaniambia gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo breki zifungwe gari likiwa limenyooka, kona iingiwe taratibu, na mafuta yaongezwe kidogo kidogo usukani unapoanza kurudi. Ukikanyaga ovyo, akasema, mkia utakuja mbele kukusalimia. Mimi nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda kwao.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda polepole. Wa pili nikapendeza, watu wakapiga makofi. Lakini nikaona kila nikitoka kwenye kona gari linaninyima nguvu, na kwenye dashibodi kuna taa ndogo inamwekamweka, picha ya kagari kenye mikia iliyopindapinda. Taa hiyo naijua! Iko kwenye pikapu yangu. Ukiwa kwenye matope, hiyo mashine inayozuia magurudumu yasiteleze ndiyo inayokukata nguvu katikati ya tope ukalala hapohapo na mbu, kwa hiyo dereva yeyote wa huku, akiona udongo mweusi mbele yake, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe anaizima. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Salim alikuwa anawapungia wenzake dirishani, hakuona.

Basi tukaifikia kona ya mwisho, ile ya mbali. Nikakanyaga mafuta, na mkia ukaanza kuteleza. Hapo Salim alipiga ukelele mmoja, "Achia mafuta!", lakini mguu wangu umelelewa Garsen, na mguu uliolelewa Garsen unajua kwamba gari likianza kuteleza ndipo unapokanyaga zaidi, ukiachia umezama. Nikakanyaga zaidi. Mkia ukatupita. Nikauona uwanja, kisha nikawaona watu, kisha uwanja tena, halafu tukaiacha lami tukiwa kinyumenyume, tukaingia kwenye ua wa miiba wa zizi la ndama, vumbi likatanda, na tairi za nyuma zikatoa pumzi zote mbili.

Zizi lenyewe nilikuwa nalijua, ni la kina Hawa. Nilichokuwa sijui ni kwamba Mama Hawa, aliposikia mkwe wake mtarajiwa yuko uwanjani, alibeba maziwa yake akawaacha wenzake kwenye chai, akaja kukaa peke yake nyuma ya zizi, mwisho kabisa wa uwanja, mahali pekee ambapo aliamini hatuwezi kukutana. Alikuwa amejitaabisha hivyo kwa ajili ya kunistahi. Vumbi liliposhuka dirisha langu lilikuwa wazi, na nje yake, umbali wa kunyoosha mkono, yuko yeye, kashika kibuyu cha maziwa.

Alijifunika shela akanipa mgongo, nami nikateremsha kioo cheusi cha kofia nikajibana kwenye kiti. Salim, ambaye mila zetu hazijui, akatoka akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akanifungulia mlango akinihimiza nishuke nimwombe mama radhi mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikatikisa kichwa. Akanivuta. Nikashuka, lakini kofia nikaapa haitoki, hata kama ubongo utaiva ndani yake kwa lile jua.

Na ndama, wakati sisi tunavutana, walikuwa wameliona pengo la ua. Wakatoka wote. Sasa mimi ni mtoto wa wafugaji, nimekimbiza ndama kabla sijajua kusoma, nikasema hapa angalau nitaokoa kitu, nikawazunguka mbele. Wakaiona kofia. Sijawahi kuona ndama wakitimua mbio namna ile. Kila nikiwakaribia wanatawanyika upya, wengine wakapita katikati ya meza za chai, na kila mtu ananipigia kelele nivue hilo sufuria kichwani, nami siwezi kulivua kwa sababu mama mkwe yuko pale, na siwezi kusema ni kwa nini kwa sababu tayari wote wanajua na ndiyo maana wanacheka. Hapo ndipo simu zilipotolewa. Ya kwanza, nimekuja kuambiwa, ilikuwa ya Hawa, kumbe naye alikuwa pale kwenye chai.

Mwishowe akina mama wakawaita ndama kwa sauti zao, na wakarudi kwa hiari. Nikasimama kando ya gari nikihema. Mama Hawa, mgongo ukiwa bado kwangu, akamwita Salim asimame katikati yetu awe anapeleka maneno, ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Uliza yeye kama amevunjika mahali," akasema.

Nikamwambia Salim amwambie sijavunjika.

"Uliza yeye, gari hii alijua kuendesha?"

Ningeweza kusema tairi, au breki, au lami mbovu, na Salim (Mungu ambariki) alikuwa ameshafungua mdomo anisaidie kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, na ndani ya kofia nilikuwa naoga jasho, na nilijua nimeshampoteza Hawa.

"Mwambie sikujua," nikasema. "Mwambie nilijifanya."

Aliokota kibuyu chake akaenda.

Tangu siku hiyo mpaka Ijumaa sikula chakula kikanishuka vizuri. Video ilifika Hola kabla sijafika nyumbani. Ijumaa wazee wakaenda, nami nikabaki kwetu nikifagia ua ambao ulikuwa safi, mpaka baba akarudi, akakaa, akajaribu kuongea akashindwa kwa kicheko, akaanza upya. Wamekubali, akasema. Mama yake ndiye aliyemtuma mjomba aseme hivi: madereva wote amewaona, lakini anayeulizwa akasema sikujua, amemwona mmoja tu. Ila kuna sharti. Siku ya harusi, bwana harusi aje kwa miguu.

Basi mimi nawaambia, gari la mtu nikipewa tena nitakaa kiti cha abiria nifunge mkanda na mikono niikalie. Na siku ya harusi nilitoka mjini na wenzangu kwa miguu, kanzu nyeupe, jua la saa sita, na kila bodaboda aliyepita alipunguza mwendo akaniuliza kama nataka kusogezwa kidogo. Niliwakataa wote, kwa sababu huko mbele palikuwa na mwanamke amejifunika shela, anatazama vumbi la njia aone ni la magurudumu au la nyayo.