Chungu Chini ya Tanuru

Kazi ya mabango ya hifadhi ilinikuta Tunduma nikichora ng'ombe kwenye kuta za mabucha, nikajiona nimeukata. Juu ya mashamba ya kahawa ya Igamba kulibaki matanuru matatu ya udongo ambayo wazee wetu waliyatumia kuyeyushia chuma. Ofisi ya hifadhi ilitaka mabango ya maelezo na kijitabu cha wageni. Msimamizi wa kazi alikuwa rafiki yangu tangu shule. Tulikula sahani moja bwenini miaka minne, na yeye ndiye aliyenipendekeza.

Maelezo yalikuwa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu wa mwisho katika ukoo wa wayeyusha chuma. Alinizungusha wiki tatu. Ya nne akanipeleka mwenyewe kwenye tanuru kubwa, akanionyesha kwa fimbo mahali chungu cha dawa kilipozikwa, chini ya sakafu yake. Bila chungu hicho, alisema, chuma hakitoki, na asiye wa ukoo hapaswi kujua kilipo.

"Nakuambia ili uelewe unachochora, mpwa wangu. Lakini hicho usikichore."

Nikaapa. Kisha nikafanya ujinga wa fundi. Mimi siwezi kuchora kitu nusu. Hata ng'ombe wa buchani nilianza na mifupa, ndipo nikamvika ngozi. Kwa hiyo daftarini nilichora tanuru lote, na chungu chake, halafu nikatandika karatasi nyembamba juu yake na kunakili kila mstari isipokuwa chungu. Nakala hiyo ndiyo niliyoipeleka ofisini. Daftari likabaki kwangu.

Rafiki yangu akaja nyumbani, akala ugali wetu, akaomba daftari akahakikishe vipimo. Nilimweleza habari ya chungu waziwazi, kwamba ni siri ya mjomba.

"Kaka, mimi na wewe tena?" akasema, akacheka. Nikampa.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alivuta kitenge kilichofunika bango kubwa. Tanuru langu lilipendeza kweli. Chini yake, kwa rangi nyekundu, kilikaa chungu, na mshale mnene ukikionyesha. Nilimtazama rafiki yangu, naye alikuwa anapiga makofi. Baadaye aliniambia, bila aibu hata kidogo, kwamba hakuna mgeni atakayepanda mlima kutazama udongo mtupu. Nilitamani kumtandika kofi palepale mbele ya mkuu wake, na mpaka leo sijutii kutamani hivyo.

Mjomba alikaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Hakujua kusoma, nami, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilishukuru kwa hilo. Kisha akainuka, akalisogelea bango, akaweka kidole juu ya chungu. Nilikuwa nimekichora vizuri mno. Kidole kilikaa pale muda mrefu, watu nyuma yake wakipigana picha.

Nilimkimbilia. Nikamweleza yote: daftari, karatasi nyembamba, rafiki yangu alivyonisaliti, jinsi nisivyohusika. Nilimtaja rafiki huyo mara tano au sita. Mjomba alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Huyo simjui," akasema. "Mimi nilikuambia wewe."