Rangi Mbili, Nyota Moja

Kabla sijasimama mbele ya jopo la watahini, hali ilikuwa hivi. Nyota niliyoichagua kwa tasnifu yangu ya uzamivu ilikuwa imeorodheshwa kwa miaka mingi kuwa jozi: nyota kubwa nyekundu, iliyopoa, na mwenzake mdogo wa moto mkali anayemnyonya gesi. Huyo mdogo hakuna aliyepata kumwona. Alidhaniwa yupo kwa kuwa mwanga wa nyota ile, ulipochambuliwa, ulionyesha juu ya wekundu wake mistari angavu ya gesi ya moto. Na katika fani yetu ilikuwa desturi kupima mara moja, kuona dalili mbili, na kuandika nyota mbili.

Nilikusanya vipimo vya misimu mingi na kuvichambua barazani kwetu Madale, baba yangu akichonga mpingo pembeni. Niliona kwamba mistari ile iling'aa na kufifia kwa kufuata mapigo ya nyota yenyewe, ilivyovimba na kunywea. Moto ulikuwa wake, mwenza hakuwapo. Msimamizi wangu alinishauri, kwa upole, niiondoe sura hiyo, maana jopo likiikataa, tasnifu nzima ingerudishwa.

Nilipomweleza baba, alicheka. Mpingo, alisema, una moyo mweusi, na sehemu yake ya nje ni nyeupe. Wateja wa Tegeta wakiona kinyago cha rangi mbili humtuhumu kuunga vipande kwa gundi. Yeye huwaonyesha nyuzi za mti zinavyopita kutoka weusi hadi weupe bila kukatika.

"Na wasipokubali?" nikamwuliza.

"Siongezi neno, mwanangu. Nawapa wakishike."

Sura ilibaki. Siku ya utetezi baba alikaa safu ya nyuma, shati limenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ya mikono. Mtahini mkuu, mzee mwenye mizaha mikavu, alivua miwani.

"Binti, umekuja kutuvunjia ndoa ya miaka yote hii?"

"Shikamoo, Profesa. Bwana harusi hajapata kuonekana."

Ukumbi ukacheka. Kisha nikawapa mchoro mmoja, mapigo juu na mistari chini, vikipanda na kushuka pamoja, nami nikanyamaza. Waliupokezana mkono kwa mkono. Nyuma kabisa, baba alikuwa amenyoosha shingo kama aliyeletwa kupigwa picha.

Tasnifu ilipita na sura zake zote, na nyota ile sasa imeorodheshwa kuwa moja.