Kiti cha Pili Kwenye Theluji

Saa kumi na mbili na robo jioni taa za ukumbi zilizimwa, nami nikashika kipaza sauti. Siku hiyo huikumbuka, mwanangu, kila nikuonapo umekaa kwenye tamasha la filamu fupi huku ukitafuta kwenye simu maana ya filamu ambayo bado haijaisha.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mtaa wa Igoma, mtafsiri kwenye banda la video. Sinema za nje zilikuja na lugha zao, nami nikizisimulia kwa Kiswahili zikiendelea. Nilipoelewa nilitafsiri, nisipoelewa nilitunga, na watu walirudi kesho yake. Ndipo mratibu wa tamasha moja hapa Mwanza akaniita nisimulie filamu fupi za nchi mbalimbali. Jioni ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Nikifanya vizuri, kazi ya wiki nzima ilikuwa yangu. Niliitaka sana, maana nilikuwa nimechoka na banda.

Filamu ya kwanza ilitoka nchi ya baridi. Mzee mmoja alikuwa peke yake akitengeneza kiti, na hakusema neno. Nikangoja. Aliendelea kunyamaza, nikaogopa mratibu atadhani nimeshindwa. Nikaanza: huyu ni fundi, ana mteja mkorofi, kiti kinatakiwa leo. Watu wakacheka. Nikapata nguvu, nikampa mzee jina na mke mkali, hata kikohozi chake nilikikohoa mimi.

Mstari wa mbele alikaa Mama Nyangeta, jirani yetu muuza dagaa, niliyemwalika mwenyewe aje anione. Aligeuka, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, hebu nyamaza kidogo. Huyo mke unayemsema mbona simwoni?"

"Mama, nipo kazini."

"Najua. Na mimi naangalia."

Nikazima kipaza sauti. Nilijua kazi imeshaondoka. Basi nikatazama kama wengine. Niliona mkono wa mzee ukisita kila ulipofika kwenye mguu mmoja wa kile kiti. Kwa nini huo tu? Alipomaliza akakibeba hadi nje, akakiweka kwenye theluji kando ya kiti kingine, akamimina chai vikombe viwili, akakaa. Kiti cha pili kikabaki kitupu. Filamu ikaisha.

Mteja niliyemtunga hakutokea. Taa zilipowaka watu walibishana: anamngoja mwanawe, hapana, mkewe amefariki. Mama Nyangeta akasema kwenye baridi ile chai ingepoa upesi, kwa hiyo mgeni hakuwa mbali. Mimi msimulizi nilitamani kulijua jibu kuliko wote.

Mratibu akanijia. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Kesho kuna tatu zenye maneno, hizo utatafsiri. Zisizo na maneno, utakaa na sisi uangalie."

Basi mwanangu, sikukatazi simu. Nakuomba uiache filamu ifike mwisho kabla hujaieleza, hasa ikiwa ya watu usiowajua. Kaa na swali lako mpaka taa ziwake, kisha muulize aliye kando yako ameona nini. Mimi hadi leo sijui kikombe kile cha pili kilikuwa cha nani, na bado najiuliza. Mungu akupe macho yasiyo na haraka, na mtu wa kubishana naye njia nzima ya kurudi nyumbani.