Majivu Kandokando ya Kibwawa

Kila nikisikia harufu ya majivu yaliyolowa, macho yangu huenda chini kutafuta nyayo.

Nyuma ya nyumba yetu, Garsen, nyanya alikuwa na kibwawa cha kambare, na samaki walikuwa wakipungua. Alimlaumu korongo aliyekuja kusimama ukingoni kila asubuhi kama mgeni asiyebisha hodi. Akafunika maji kwa chandarua kikuukuu na kukifunga kwenye vigingi. Samaki wakazidi kupungua.

"Korongo hajui kufungua fundo," akasema, na kuanzia hapo akatushuku sote. Mimi alininusa vidole.

Jioni moja alimwaga majivu kandokando ya kibwawa. Kulipopambazuka tukatoka wawili kuangalia. Hapakuwa na alama ya ukucha. Palikuwa na alama za akala, na kwetu hakuna aliyevaa akala. Aliyezivaa ni jirani yetu, mama aliyetuletea maziwa mpaka ukame ulipomaliza ng'ombe wake. Kila akipita hapo aliziba pua kwa mtandio akisema, "Sisi hatuli nyoka wa majini."

Nikafungua mdomo. Nyanya akanikanyaga mguu, kisha akazifuta zile alama kwa unyayo wake, moja baada ya nyingine.

Mchana jirani akapita. "Mwizi wenu mmemjua?"

"Ni korongo tu, mwanangu," nyanya akajibu bila kumtazama.

Jioni hiyo alikifunga chandarua pande tatu. Upande wa kwa jirani hakupiga fundo.