Chatne ya Mama Katika Mikahawa ya Kaka

Kaka yangu alikwenda China kununua vigae vya bafuni vya biashara, akarudi na mpishi. Mtaa wetu wote hapa Ibra, Omani, ulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, maana ni dada yake mkubwa na kumcheka ni haki yangu. Alikodi duka karibu na kituo cha petroli, akatundika taa nyekundu na picha za tambi na wali wa kukaanga, kisha akakaa nyuma ya kaunta kungoja wateja. Hawakuja. Watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Mchina hupika vyura, na walipoamua hivyo hakuna cheti cha halali kilichoweza kuwabadilisha.

Aliyemwokoa ni mama. Wakati ule mama alikuwa amemaliza eda ya baba zamani, lakini chumbani alikuwa hajatoka. Akiswali, akilala, akinijibu kwa kichwa. Nilikuwa nikirudi kutoka shule ninayofundisha namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda vilevile nilivyomwacha asubuhi, na chai imefanya utando kikombeni. Niliogopa. Nilijua mtu anaweza kufa hivyo hivyo, taratibu, huku anapumua.

Siku moja kaka akaingia chumbani kwake kumwambia kwamba anafunga duka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hicho chakula chako mtu anakilia na nini?"

"Kuna sosi ya soya, mama."

Mama akaguna. "Maji ya chumvi hayo, baba. Niletee ukwaju."

Akainuka, akafunga leso kiunoni, akaingia jikoni. Sikuthubutu hata kumsaidia, nilichelea asije akakumbuka kwamba ana huzuni. Alipika chatne ya ukwaju aliyofundishwa na mama yake walipokuwa bado wanakaa Unguja mjini: pilipili mbuzi, thomu, tangawizi, sukari guru. Juu yake akatia tende za mkoa wetu huu wa Sharqiyah, hilo likiwa lake mwenyewe. Kisha akavaa buibui, akaenda nayo dukani, akakaa kiti cha karibu na mlango. Kila mwanamke anayemjua akipita alimwita. "Njoo uonje, nimepika mimi." Baba yangu alisalisha msikiti wa mtaa wetu miaka mingi. Mjane wake akikaa kwa Mchina anakula, nani tena atauliza habari za vyura?

Basi wakaja. Wakaja na watoto wao, wakaja na wageni wao kutoka Maskati, na vijana wakawa wanasimamisha magari mpaka barabarani. Kaka akafungua duka la pili Bidbid, pale njia ya kuja kwetu inapoachana na ya Nizwa, watu wakawa wanakula ndani ya gari huku injini inawaka. Akafungua Nizwa. Akafungua Sur, na siku hizi watu wanaokwenda kutazama kasa Ras al Hadd hupita kwanza kuchukua maboksi yao ya tambi. Gari zake zina picha ya bakuli linalotoa moshi. Kaka alinenepa, akaanza kusema na mimi kama anahutubia.

Sikujali, kwa sababu mama yangu alikuwa amerudi. Jumatano aliloweka ukwaju. Alkhamisi alfajiri nyumba nzima ilikuwa inapiga chafya kwa pilipili. Chatne alitia katika madumu, na kila dumu aliliwekea kitambaa cheupe chini ya kifuniko, lisivuje. Dereva akija, mama alikuwa akimhoji: watu wa Sur wanaionaje, wa Nizwa hawalalamiki ukali? Tambi zenyewe hakuzila hata siku moja, alisema anaona minyoo. Lakini alijua kwamba kuna watu asiowajua, katika miji asiyokaa, wanalamba vidole kwa mkono wake. Alinenepa naye. Alirudi kuimba jikoni, kwa sauti mbovu aliyokuwa nayo tangu zamani.

Halafu kaka akajenga jiko kuu Firq, kule kwenye magereji ya Nizwa, ili chakula chote kitoke mahali pamoja. Dereva aliendelea kuja Alkhamisi kama kawaida. Ila hapa Ibra nikaanza kusikia maneno. Mwalimu mwenzangu alinambia chatne siku hizi imezidi utamu, labda mkono wa bi mkubwa umechoka. Nilimgombeza mbele ya watu. Nilimwambia mkono uliochoka ni wa kwake, hajui kupika hata yai. Mama sikumwambia kitu.

Mwaka jana alifariki jamaa yetu Nizwa, tukaenda kutoa mkono wa pole, mama na mimi, nikiendesha mwenyewe. Tulipotoka matangani mama akasema, "Nipitishe hapo Firq, nikaone chatne yangu inakofikia." Alisema kama mtu anayekwenda kumtazama mwanawe shuleni. Nikampitisha.

Kaka hakuwepo. Alikuwepo yule mpishi wa Kichina wa siku ya kwanza, ambaye sasa ndiye mkubwa wa jiko. Alifurahi kumwona mama hata akavua kofia. Walisemezana kwa Kiarabu cha sokoni, kile ambacho kila mgeni wa nchi hii hujifunza. Alituonyesha mashine ya kukata mboga, masufuria unayoweza kuogeshea mtoto, na pipa la chuma linalokoroga sosi nyekundu peke yake.

"Hii nini?" mama akauliza.

"Sosi, mama. Maduka yote."

Akachovya kijiko, akaonja. Nikamwona anameza. "Na yangu?"

Mpishi hakujua kwamba hilo ni swali baya. Akatufungulia mlango wa chumba cha baridi. Madumu ya mama yalikuwa yamepangwa ukutani kutoka chini mpaka juu, safu nyuma ya safu, kila moja na kitambaa chake cheupe. Ya chini yalikuwa yamevimba. Hakuna hata moja lililofunguliwa.

"Hadha maal inti, mama," mpishi akasema, kwamba haya ni yako, na akiona fahari. "Mudir anasema la yirmi. Haramu."

Mkurugenzi amekataza yasimwagwe. Kumwaga neema ni dhambi, na kaka yangu ni mtu wa dini. Kwa hiyo hakumwaga. Alimwacha mama wa miaka sabini na ushei aamke alfajiri kila Alkhamisi, mikono inamwasha, akamtuma dereva akapokee kwa adabu, kisha akaweka. Nilitaka kuyapiga teke yale madumu yote. Mama alimshukuru mpishi, akamuuliza hali ya watoto wake huko China, akatoka.

Nje nilimpigia kaka simu, nikasimama mbali kidogo na gari.

"Dada, nisikilize," alisema. "Wakaguzi wa baladiya hawaruhusu kitu kilichopikwa nyumbani. Na maduka yote lazima yawe ladha moja. Ningemwambiaje? Si unajua chatne ndiyo iliyomtoa chumbani?"

"Ungemwambia kwa mdomo."

"Nilimwonea huruma, wallahi."

Nikamkatia. Kilichoniuma ni kwamba nilimwamini. Alimwonea huruma kweli, na kwa huruma hiyo akamfanya mama yetu kichekesho katika jiko ambalo kila mfanyakazi alijua ila yeye.

Tukashika njia ya kurudi Ibra. Tulipofika Bidbid, magari yalikuwa yamepanga mstari nje ya duka letu, na watu wanapokea maboksi madirishani. Mama akayatazama mpaka tukayapita.

"Mimi nilidhani nalisha watu," akasema.

Alkhamisi ile dereva alipogonga, mama alimtokea kwa upole na sahani ya maandazi, akamwambia asisumbuke tena. Ukwaju uliobaki akawagaia majirani. Kuimba aliacha, lakini chumbani hakurudi, na mimi mjinga nikashukuru, nikadhani tumeokoka.

Kaka alikuja Ijumaa baada ya swala. Kwa kawaida huingia kwa mlango wa jikoni, akafunua sufuria, akachovya kidole, akapigwa kofi mkononi. Siku ile alikuta mlango huo umefungwa. Mama alikuwa amefungua majlisi, sebule ya wageni, ambayo sisi wa nyumbani huingia kufagia tu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kuendea harusini. Mezani kulikuwa na tende, halwa, kahawa na bakuli la kunawia vidole.

"Shikamoo mama," kaka akasema, akainama ambusu kichwa.

Mama akampa mkono. Kisha akamkaribisha kwa Kiarabu. "Tafadhal, qarrib. Shay uluum? Shay akhbar?"

Ni maneno ambayo Waomani humwambia mgeni aliyetoka safari, kumuuliza habari za alikotoka. Mama ameyasema mara elfu, kwa mashekhe, kwa waposaji, kwa watu wa serikali. Kwetu sisi watoto wake hajawahi kusema ila Kiswahili, tangu tulipokuwa matumboni.

Kaka akanitazama.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mama, nilikosa, nilitaka tu—"

"Shay uluum?" mama akauliza tena, kwa upole kabisa, akimmiminia kahawa.

Kaka yangu, mwenye mikahawa kutoka Sur mpaka Nizwa, akapokea kikombe kwa mkono wa kulia. Machozi yalikuwa yanamtiririka ndevuni.

"Ma shay, alhamdulillah," akajibu, kwamba hakuna jipya, kama anavyojibu mgeni.

Akala tende moja. Akala halwa, akanawa vidole. Mama alimuuliza habari za mkewe na wanawe, mmoja mmoja, wajukuu aliowalea mwenyewe mgongoni, na kaka akajibu wazima, wazima, alhamdulillah. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Kaka alitikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Mama akainuka, akatia udi katika chetezo, akamletea kwa mikono miwili.

Mgeni akishafukizwa udi, adabu yetu ni kwamba anaaga. Kaka alijifukiza kanzu na ndevu, polepole, akivuta muda. Mama alikuwa amesimama mbele yake anangoja.

Akainuka, akaaga.