Mfungo Ulioninenepesha

Harufu ya mihogo ikiivia kwenye tui la nazi hunirudisha Kisarawe, enzi za vijiji vya Ujamaa, mwaka ule shule yetu ilipochaguliwa kupeleka watoto Dar es Salaam kucheza halaiki ya sikukuu ya taifa. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Bahari sikuwa nimewahi kuiona, nami nilikuwa mtoto wa kuuliza kila barabara inaishia wapi. Lakini kila mchezaji alipaswa kupimwa kwanza, na daktari hata shikamoo yangu hakuiitikia. Alilitazama tumbo langu, akamwambia mama kwamba huo ni uvivu mtupu, nirudi baada ya Idi nikiwa nimepungua.

Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nikaona dawa imejileta yenyewe: nitafunga mwezi mzima, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Niliwasahau majirani. Kwetu mtoto anayefunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza hualikwa na kutunzwa kama bibi harusi, basi kila jioni nyumba moja iliniita kufuturu. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, uji wa pilipili manga. Kukataa futari ya mtu ilikuwa kumvunjia heshima. Jirani yetu Bi Mwajuma alinijazia bakuli akisema, "Kula, mjukuu wangu, umekonda mno," nami nikampenda kwa uongo ule.

Siku ya Idi gauni jipya halikufungika vifungo. Tuliporudi kwa daktari alicheka, akamwita muuguzi aje aone. Mama, ambaye hakuzoea kubishana na watu wa ofisini, alisema taratibu, "Hujamgusa bado, baba. Mpime kwanza, ndipo useme."

Daktari aliniwekea kile chuma baridi kifuani, akaniambia nirukeruke mpaka nikatoka jasho, akasikiliza tena. "Moyo mzima," alisema, akatia saini bila kunitazama. Nilikwenda. Uwanjani wasichana wawili walisimama mabegani mwangu, wala sikuyumba, na bahari niliiona.

Shule niliiacha mapema, nikazifuata zile barabara. Nimehangaikia kupungua miaka yote, na bado madaktari hunihukumu kabla sijakaa kitini. Huwaambia maneno ya mama. Wengine hununa, wengine hupima. Na Ramadhani ikifika, popote nilipo, nautafuta mlango unaonukia mihogo ya nazi, nabisha hodi.